Darubini na Mfuko wa Mbolea

Je, ni halali mtu kutumia fedha kwa kitu kisichojaza tumbo, ilhali ndugu yake anahitaji? Swali hili ni la kale, na kila mmoja wetu hulijibu kwa vitendo hata kama hajawahi kulitamka. Mimi nimelazimika kulitamka, kwa sababu mwaka 2022, nikiwa mwalimu mstaafu hapa Iringa, nilinunua darubini ya kutazamia nyota. Bei yake ilikuwa sawa na mifuko minne ya mbolea. Msimu huohuo mdogo wangu, anayelima mahindi na kahawa kule Mbozi, alinipigia simu kuomba mifuko minne ya mbolea.

Nilimpa miwili. Miwili mingine aliikopa, na deni akalilipa kwa mahindi baada ya mavuno. Hakugombana nami. Alisema neno moja tu: "Kaka, nyota zitakuwapo hata mwakani, lakini mbolea ina wiki yake." Neno hilo lina uzito, na nisingependa kulikwepa.

Ziko njia mbili rahisi za kulijibu, nami nimezikataa zote mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba sayansi huleta maendeleo. Ni kweli kwa taifa, lakini darubini yangu ina lenzi ya milimita 70 tu. Haitagundua kitu ambacho wataalamu hawakijui, wala haitaongeza gunia hata moja la mahindi. Anayeipamba kwa jina la maendeleo anatafuta kisingizio. Njia ya pili ni kusema: fedha ni zangu, nafanya nitakavyo. Hii nayo haisimami. Karo yangu ya shule ilitoka katika kahawa ya baba, na shamba hilo ndilo analolilima mdogo wangu leo. Kwetu sisi hakuna shilingi iliyo ya mtu mmoja kabisa.

Iko kauli inayohusishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba wakati mataifa mengine yakijitahidi kufika mwezini, sisi bado tunajitahidi kufika kijijini. Wamarekani walitua mwezini Julai 1969, na kwa miaka mingi nilipokuwa nafundisha niliisikia kauli hiyo kama hukumu: mbingu ni za wenye kushiba. Lakini tuitazame kwa makini. Inahusu namna ya kugawa jasho la taifa zima, na kwa hilo ni ya haki. Haisemi kwamba mwanakijiji hana haki ya kuinua macho.

Na hakika amekuwa akiyainua. Wazee wetu walikijua Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo kinachochomoza mashariki jioni za Novemba, mvua zikikaribia nyanda zetu. Jina lenyewe limetokana na kulima. Mtu atasema: unaona, wao walitazama kwa faida! Naam, lakini siyo kwa faida tu. Ambaye amewahi kukaa nje usiku wa Julai, baridi ya Uporoto ikimwingia mifupani, anajua kwamba watu huendelea kutazama muda mrefu baada ya kupata walichokihitaji.

Chukua mfano wa Kimondo cha Mbozi, kilichoko katika Mkoa wa Songwe, ambao hadi mwaka 2016 ulikuwa sehemu ya Mbeya. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye Nott. Ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu sehemu 90 kwa mia ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Sasa tupige hesabu. Tukikadiria kila jembe kilo moja na nusu, uzito huo ungetosha majembe zaidi ya 10,000. Je, yuko mtu Mbozi ambaye angekubali kikatwe? Simjui. Kimelala pale, hakilimi, hakipiki, na watu hutoka mbali kuja kukigusa. Basi tumekwisha kukiri, hata bila kusema, kwamba viko vitu ambavyo thamani yake ni kutazamwa, na kwamba kuvigeuza majembe kungekuwa hasara.

Lakini hapo msomaji makini atanishika. Kimondo ni cha wote. Darubini imo kabatini mwangu. Pingamizi hilo ndilo kiini cha jambo. Tazama jinsi tunavyotumia fedha zetu: tunachinja ng'ombe kwa harusi, tunakodi mabasi kwenda mazikoni. Hayo hayaongezi mavuno, wala hakuna anayeyalaumu, maana kila aliyefika amekula na kila aliyefiwa amefarijiwa. Kinachoudhi watu hasa ni kufurahi peke yako, zaidi hata ya kutumia bila faida. Kwa hiyo swali limebadilika kidogo. Badala ya kuuliza kama darubini inaleta faida, yafaa tuulize inawafaa akina nani.

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, siku jua lilipopatwa. Maelfu ya watu walikusanyika. Karibu na saa sita mchana mwezi ulilifunika jua karibu lote, ikabaki pete ya moto angani. Miwani maalumu haikutosha kila mtu, basi ikawa inapita mkono kwa mkono, mtu akitazama kidogo kisha akimpa asiyemjua. Hakuna aliyerudi nyumbani na debe la unga. Hata hivyo sikumsikia mtu akisema amepoteza nauli yake. Nadhani mbingu zina tabia hii njema, kwamba ukimpa mwenzako zamu ya kutazama, fungu lako halipungui.

Anayetaka kuanza kazi hii ajue mambo machache. Kwanza ajifunze anga kwa macho matupu: Msalaba wa Kusini, Kilimia, njia ya sayari. Asidanganywe na matangazo yanayosifu ukuzaji wa mara mia tano. Kazi kubwa ya darubini ni kukusanya nuru. Lenzi ya milimita 70 hukusanya nuru mara 100 kuliko mboni ya jicho iliyopanuka hadi milimita 7. Aanze na ukuzaji mdogo. Kwangu mara 35 huonesha miezi minne ya Mushtarii, ileile aliyoanza kuiona Galileo mnamo Januari 1610, na mara 70 hutenga pete ya Zohali na mwili wake. Kamwe asiielekeze kwenye jua, maana hupofua papo hapo. Na asitarajie picha za magazeti. Zohali huonekana ndogo kama punje, bila rangi nyingi. Darubini ndogo humfundisha mtu kusema alichokiona, si alichoambiwa ataona, na hilo nalo ni adili.

Agosti 2023, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa, niliipakia darubini kwenye basi nikaenda nayo Mbozi. Jioni tuliiweka uani, tukaielekeza kwa Zohali, watoto wakapanga mstari. Mjukuu mmoja wa mdogo wangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alitazama, akaondoa jicho, akalichungulia bomba kwa mbele. "Babu, mmeichora humu ndani?" Nilimwambia asiguse chochote, atazame tu na kungoja. Kwa dakika kama mbili ile punje yenye pete iliteleza taratibu hadi ikatoka kabisa. "Imekwenda wapi?" Nikamwambia haikwenda popote, ni sisi, pamoja na uani na ng'ombe na mlima, tunaozunguka. Alinyamaza muda mrefu. Mdogo wangu alitazama wa mwisho, akasema, "Ni kitu cha kweli." Kisha akauliza kama mwaka ule ningeweza kumsaidia mbolea mapema, kabla bei haijapanda.

Nililipenda swali lake, kwa sababu halikuacha uzuri wa Zohali ufute deni. Nilimtumia Oktoba.

Sasa nirudi kwenye neno lake kwamba nyota zitakuwapo mwakani. Ni kweli tupu. Nuru ya Kilimia tunayoiona leo ilianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita, haina haraka na mtu. Lakini mtazamaji hana miaka hiyo. Daktari ameniambia kwamba mtoto wa jicho ameanza katika jicho langu la kushoto. Na yule mjukuu atakuwa na miaka kumi na mmoja mara moja tu; baada ya hapo huenda asiulize tena kama imechorwa. Mbolea ina wiki yake, naam. Mshangao nao una wiki yake, ila kwa kuwa haukauki shambani mbele ya macho yetu, hatuhesabu mavuno yaliyopotea.

Kwa hiyo naamini ni halali, kwa masharti mawili. La kwanza, kitu hicho kisikae kabatini. Kisimame uani, na mwenye nacho awe wa mwisho kutazama. La pili, kisinifanye nisiisikie simu ya Oktoba. Mwenye kutimiza sharti moja na kuacha la pili ameiba mahali fulani, ama kwa watoto ama kwa ndugu. Sidai kwamba mizani hiyo husimama sawa kila mwaka. Mwaka wa mifuko miwili haikusimama sawa, na mdogo wangu ndiye aliyelipia tofauti kwa mahindi yake. Hilo analijua, nami nalijua. Kila ninapofungua kasha la darubini nalikumbuka, na bado nalifungua.