Kabla ya kumpiga picha sista aliyelala

Wiki hii kuna picha iliyozunguka kwenye simu za watu wa Litapunga, huku Katavi, mpaka ikanifikia hata mimi, ambaye kwa kawaida habari hunikuta zimeshachacha. Muuguzi kalaza kichwa mezani, mkono mmoja juu ya daftari la ripoti, kandambili moja imemtoka mguuni. Saa ya ukutani inaonyesha saa tisa na ushee, na nje ya dirisha ni giza. Chini yake mtu kaandika: "Hawa ndio tunaowalipa mishahara." Hospitali haitajwi, mkoa hautajwi. Hilo halikumzuia mtu kijiweni. Kila mmoja alikuwa na sista wake wa kumsimulia.

Mmoja alitaka wafukuzwe wote. Mwingine akapendekeza mkuu wa mkoa awe anapita wodini saa nane za usiku bila kutoa taarifa, na ikiwezekana aongozane na waandishi wa habari. Mzee wetu mmoja aliyekuwa akinywa kahawa pembeni akatupa methali: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Tukacheka, maongezi yakahamia kwenye bei ya mahindi, na picha ikaendelea na safari yake kwenda simu nyingine.

Mimi imenikaa. Kinachonikera hasa ni aliyeipiga. Alisogea karibu, akatafuta pembe nzuri ya kuingiza na saa ya ukutani, akabonyeza, akaondoka. Kama alikuwa na mgonjwa mahututi, kwa nini hakumwamsha sista? Na kama hakuwa na mgonjwa, alifuata nini wodini saa tisa usiku?

Nisieleweke kwamba nawatetea wanaolala zamuni. Nimewahi kusimama mbele ya mmoja wao nikiwa na hasira ya kumpiga mtu. Ilikuwa enzi za dripu ya kwinini, kabla sindano za artesunate hazijaenea. Nilikuwa namuuguza mpwa wangu, mtoto mdogo, malaria imempanda kichwani. Aliyewahi kuuguza mtoto aliyewekewa kwinini anajua: hulali, unahesabu matone. Ikikimbia inauchezea moyo, na hata ikienda vizuri inaweza kushusha sukari mwilini, mtoto akazimia huku wewe ukishukuru Mungu kwamba amepata usingizi.

Usiku wa manane chupa ikaisha. Kidogo kidogo damu ya mtoto ikaanza kupanda kwenye mpira. Nikakimbilia chumba cha wauguzi. Mlango umeegeshwa, taa ya chemli imeshushwa utambi, na ndani sista amejinyoosha kwenye benchi, kitenge mpaka kichwani. "Sista!" Kimya. "Sista, damu inarudi!" Akakurupuka, akaniuliza kwa ukali nani kanifundisha kupiga kelele wodini, na kabla hajamaliza kuuliza alikuwa ameshanipita mlangoni. Akafunga dripu, akausafisha mpira, akamfinya mtoto sikio mpaka alipolia, akaniagiza nikoroge glukosi. Yote hayo aliyafanya mimi nikiwa bado natweta.

Baadaye, hasira zangu zikiwa hazijatulia, akazungumza bila kuniangalia. Mwenzake aliyepangwa naye alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa tangu jioni, kasindikiza rufaa. Wodi ya watoto ni yake, ya wanawake ni yake, na leba kuna mama anayekwenda kumwangalia kila baada ya muda. "Nimejiegesha tu, baba," akasema. "Nikikaa kwenye kiti naanguka."

Maelezo yake hayakuniondolea hasira, na nadhani hayakupaswa kuniondolea. Damu ilikuwa inapanda kwenye mpira. Mpwa wangu siku hizi anaendesha bodaboda na amenizidi urefu, lakini usiku ule angeweza kupotea mikononi mwa mwanamke ambaye hakuwa mvivu hata chembe. Kijiweni hatukufika hapo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo: mgonjwa anaweza kufa kwa usingizi wa mtu mchapakazi.

Mwili hauna habari na mkataba wa ajira. Inapofika saa tisa, saa kumi alfajiri, joto lake linashuka na macho yanafunga yenyewe, uwe unalipwa vizuri au vibaya. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwalinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho huko kwao dereva anakamatwa. Sasa mchukue muuguzi aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akapika, akafua, akashinda na watoto, akaingia kazini saa mbili usiku. Saa zake 17 zinatimia saa tano usiku. Hajafika hata nusu ya zamu.

Na watoto nao wanapenda kuja saa hizohizo. Uchunguzi wa uzazi zaidi ya milioni tano huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba uchungu ulioanza wenyewe huleta watoto wengi zaidi karibu na saa kumi alfajiri. Mkunga yeyote wa Mpanda angewaambia hivyo bure.

Leba zetu nyingi ndugu haruhusiwi kuingia. Bibi anabaki barazani na beseni lake na khanga zake, mjamzito anabaki ndani na muuguzi. Mweke hapo binti wa miaka kumi na sita, uzazi wa kwanza. Katavi tunawajua mabinti hao: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulitukuta tukiongoza nchi nzima, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mwanamke aliyezaa mara tano damu ikizidi anapiga kelele mpaka mlinzi wa getini anasikia. Binti wa uzazi wa kwanza hajui ipi ni damu ya kawaida na ipi inamwondoa. Atanyamaza, atavuta khanga, ataona usingizi unamchukua. Damu ya baada ya kujifungua isipozuiwa inaweza kuua ndani ya saa mbili.

"Basi ndiyo maana wafukuzwe!" nakusikia. Haya, tumfukuze. Kesho usiku anaingia nani?

Maana huku vijijini zahanati nyingi hazina hata hiyo zamu ya usiku. Kuna muuguzi aliyechanja watoto na kupima wajawazito tangu asubuhi, anayelala nyumba ya mtumishi hatua chache kutoka zahanati. Bodaboda ikileta mjamzito usiku, anagongewa dirisha. Anazalisha, anasafisha, anaandika, na jua likichomoza foleni ya kliniki imeshajaa barazani ikimsubiri yeye huyohuyo. Ukimkuta anasinzia saa sita mchana, naye utampiga picha?

Kuna jibu jingine ninalolifahamu, tena hutolewa na watu waungwana: uuguzi ni wito. Kila tarehe 12 Mei wauguzi wanawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale na taa yake, na wageni rasmi wanahutubia juu ya moyo wa kujitoa. Mama yule alipokwenda Scutari mwaka 1854 alifuatana na wauguzi 38. Hakukesha peke yake. Na kazi iliyomfanya awe mtu wa kuogopwa na wakubwa ilikuwa kuhesabu vifo, kuviweka kwenye michoro, na kuibana serikali yake juu ya maji safi na mifereji. Kwenye hotuba zetu taa inatajwa sana. Hesabu haitajwi.

Dereva wa basi la Mpanda kwenda Dar es Salaam hakuna anayemwambia udereva ni wito. Mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, inataka safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili, na abiria tukigundua yuko mmoja tunampigia askari simu kabla hatujafika Tabora. Tunaelewa kabisa kwamba dereva hodari naye hulala, kwa hiyo tunadai wa pili. Kwa marubani hivyohivyo. Katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1990, NASA ya Marekani iliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 kupumzika kwa zamu vitini mwao, wenzao wakiongoza ndege. Walilala wastani wa dakika 26, na ilipokaribia kutua walikuwa macho kuliko walionyimwa nafasi hiyo. Japani wauguzi wengi wa zamu ndefu za usiku wana muda wa kulala uliomo kwenye ratiba, na wanauita kwa jina lake bila aibu.

Hata sisi tumeshaandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati huo pale tu kazi isipoweza kuachwa bila mtu, au isipoweza kufanywa na mfanyakazi mwingine. Wodi haiwezi kuachwa bila mtu, hilo halina ubishi. Ila mfanyakazi mwingine angekuwepo, kazi ingefanyika. Anayepanga jina moja usiku baada ya usiku amechukua mlango wa dharura uliowekwa na sheria akaugeuza kuwa mlango wa kila siku. Muulize muuguzi unayemfahamu ni lini mara ya mwisho alipumzika dakika 60 zilizomo kwenye ratiba, za halali, siyo za kuibia kwenye benchi.

Mimi nasema usingizi uandikwe. Zamu ya usiku iwe na wauguzi wawili kwenye wodi, na akitoka mmoja na rufaa aitwe wa akiba, alipwe posho yake ya kuitwa. Ikifika zamu yake ya kupumzika, sista amkabidhi mwenzake wagonjwa mmoja mmoja: huyu dripu inaisha saa ngapi, huyu katika uchungu amefika wapi, huyu presha iangaliwe. Kisha akalale kwenye kitanda cha kweli, chumba kisicho na komeo. Akiamka apewe dakika chache za kunawa uso kabla hajashika sindano, kwa sababu mtu aliyekurupuka huwa bado hajafika. Halafu mwenzake naye aende. Utaniambia watumishi hawatoshi. Hawatoshi kweli, wala hawatatosha mwakani. Ndiyo sababu hao wachache tuwalinde wasizidiwe katikati ya usiku.

Na huyo aliyepangiwa mwenzake, akapewa saa yake, halafu akajifungia kwa komeo na kuzima simu, mjamzito akagonga mpaka akazalia barazani? Huyo sina neno la kumtetea. Apelekwe Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni yake ijadiliwe, na asihamishiwe kijiji kingine kwenda kuwalalia wengine, mchezo tunaoufahamu vizuri. Wapo wa namna hiyo, na wenzao kazini wanawajua kuliko sisi. Tofauti yake na sista wangu wa benchi ni kubwa, lakini kwenye picha wote wawili wanaonekana sawasawa.

Hapo ndipo ninapozitilia shaka hizi ziara za kushtukiza. Tulianza kuzipenda tangu Rais Magufuli alipoingia Muhimbili tarehe 9 Novemba 2015, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za vipimo zimekufa. Siku ile iliyovunjwa ilikuwa bodi. Lawama ilipanda juu, kwa wenye kalamu ya kupanga na kununua. Kijiweni kwetu imeshuka mpaka kwa mtu wa mwisho kwenye ngazi, ambaye huenda alikuwa peke yake na wodi mbili, na tumeridhika.

Kwa hiyo nina ombi, na halihitaji mkuu wa mkoa kukesha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za zahanati na vituo vya afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vyenyewe, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotoka kwa wananchi. Ni majirani zetu, tunakutana nao sokoni. Kikao kijacho wasiishie kuuliza kama dawa zimefika. Waombe ratiba ya zamu ya mwezi mzima, waisome usiku kwa usiku, na kila wanapokuta jina moja wamuulize mganga mfawidhi: huyu akiondoka na rufaa, anabaki nani? Jibu likiwa hakuna, liandikwe hivyohivyo kwenye muhtasari, lipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata tuisome sote.