Usingizi wa Dereva ni Mali ya Nani?

Twataka kulitazama neno moja ambalo wengi wetu hulipita bila kuliuliza. Hapa Isingiro magari ya mizigo huondoka yamejaa ndizi, maharagwe na kahawa. Mengine hwenda Mwanza, na mengine husafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam. Pikipiki nazo hazitulii toka alfajiri hata usiku, zikichukua abiria, magunia na vifurushi. Mali yafika, nasi twafurahi. Lakini yeye aliyeileta, alilala lini?

Kwanza na tujue usingizi ni kitu gani. Watu husema kwamba dereva hodari hushinda usingizi. Sivyo. Twasoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa 20, habari za kijana Eutiko, aliyelemewa na usingizi dirishani Paulo alipokuwa akinena, akaanguka chini. Hakumdharau mtume, mwili ulimshinda. Wataalamu nao washuhudia hayo. Mwaka 1997 Dawson na Reid wa Australia walieleza kwamba mtu aliyekesha saa 17 hupungukiwa na wepesi wa mkono na wa akili kama mtu mwenye kileo asilimia 0.05 katika damu yake. Akikesha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Tena gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva akisinzia sekunde 3 tu, gari limekwenda mita 66 pasipo mwenye kuliongoza.

Basi, ajali ikitokea, ni kosa la nani? Wengi husema: la dereva. Ni mtu mzima, alijua amechoka, mbona hakusimama? Neno hilo lina kweli ndani yake, wala hatutaki kumwondolea mtu dhamana ya roho za wenzake walio barabarani. Imempasa kusimama. Lakini na tuulize tena: ni nani aliyefanya kusimama kwake kuwe hasara? Akilipwa kwa safari, wala si kwa siku, kila saa ya kulala ni fedha iliyompotea. Na lori likipakiwa usiku kucha, naye akikesha pamoja na utingo wake akihesabu mikungu, asubuhi huambiwa aondoke, kwa maana eti alipumzika, hakushika usukani. Walakini kungoja mzigo ni kazi, si kulala.

Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kati ya kuacha kazi na kuianza tena, kwa kawaida zipite saa 12. Na kila juma apate saa 24 za kupumzika. Ni sheria njema. Lakini yamlinda mwajiriwa, na kijana wa bodaboda mara nyingi si mwajiriwa machoni pa mwenye pikipiki. Amekabidhiwa chombo, naye hupeleka hesabu, fedha ile ile kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Hakuna mtu amwambiaye asilale. Hesabu yenyewe ndiyo imwambiayo.

Hapa ndipo penye swali zito. Mwenye pikipiki aweza kusema, "Sikumshurutisha; alikubali mwenyewe." Je, kukubali kwa mtu asiye na njia nyingine kwatosha kututakasa? Twaona hakutoshi. Na tukumbuke kwamba amri ya Sabato haikumwachia mtumishi ajitafutie mapumziko yake. Ilimwagiza mwenye nyumba awapumzishe watumishi wake, hata na wanyama wake, kwa kuwa aliyeifunga kazi ndiye awezaye kuifungua.

Wengine watasema: ndizi hazingoji, zitaiva njiani. Ni kweli. Lakini hasara ya ndizi yaweza kugawanywa kati ya mwenye shamba, mchuuzi na mnunuzi. Tena yaweza kuzuiwa kwa kuweka madereva wawili au kwa kupakia mapema. Mauti hayagawanywi hivyo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na uchovu wa mwenzetu hatuusikii mabegani petu.

Dereva naye hutujibu, "Nikilala, wanangu watalala na njaa." Jibu hili latunyamazisha, wala si haki kulijibu kwa maneno matupu. Kumwambia, "Pumzika, ndugu," kisha kumdai fedha zile zile, ni kama kumwambia mwenye njaa ashibe bila kumpa chakula. Basi wenye pikipiki na wadai hesabu ya siku 6, siku ya 7 iwe ya kijana mwenyewe. Wenye malori na wahesabu saa za kupakia kuwa saa za kazi. Nasi tungojao vitu vyetu, tuache kumpigia simu mtu aliye njiani usiku tukimhimiza afike.

Labda mzigo utachelewa nusu siku, na nauli itapanda kidogo. Hiyo ndiyo bei ya usingizi wake, nayo yatupasa kuilipa sisi tulao faida ya kukesha kwake. Wazee na walimu na wayafikiri hayo katika mitaa yao, na wayaulize kwanza kwa madereva wenyewe.