Anayeuliza Habari za Jirani Yake

Siku moja asubuhi tulikuwa katika mwalo mmoja karibu na Mwanza, wanawake wakianika dagaa mchangani. Akaja kijana msomi, mwenye adabu, na daftari mkononi. Akamwendea mama mmoja mzee, akamwamkia kwa heshima, akaanza kumwuliza: watoto wako ni wangapi, mumeo alifariki mwaka gani, shamba lake lilirithiwa na nani, na kwa desturi ipi. Mama akajibu yote bila kuficha, hata yale yaliyomtia machozi. Kijana alipofunga daftari, mama naye akamwuliza neno moja tu: "Mwanangu, maneno yangu sasa yanakwenda kwa nani?" Kijana akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Ila jambo hilo hakuna aliyemfundisha.

Tangu siku ile swali la mama yule halikutuacha. Je, ni halali kuwachunguza watu na kuandika habari zao? Na kama ni halali, anayeuliza ana deni gani kwa yule aliyemjibu? Mwezi huu twataka kulifikiri jambo hili pamoja nanyi.

Pwani hii ya ziwa imeulizwa maswali kwa muda mrefu. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akayaona maji yasiyo na mwisho. Alikuwa ameongozwa na habari alizopewa na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Kaze, yaani Tabora, na na wenyeji wa njiani. Ziwa lenyewe halikukosa majina: Waganda waliliita Nalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe. Lakini jina lililoandikwa katika ramani za ulimwengu ni la Malkia Victoria, ambaye hakuliona ziwa hili hata siku moja. Aliyeuliza aliondoka na habari, na waliojibu hawakutajwa katika ramani.

Hilo la jina ni dogo. Liko kubwa kuliko hilo. Wakati wa utawala wa Wajerumani wataalamu wa Ulaya hawakutosheka na maneno ya watu, wakataka na mifupa yao. Mwaka 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza habari za mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki na kuwekwa katika mji ule. Kama 200 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kila mtu alijua kuwa ile ni mifupa ya marehemu wa watu. Hata fuvu la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, ambalo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954.

Labda msomaji atasema, "Hayo yalitupata kwa sababu sisi ni Waafrika." La, sivyo. Katika kaskazini ya mbali ya Ulaya, ambako wakati wa baridi jua halichomozi kwa majuma mengi, wako watu waitwao Wasami. Nchi yao imegawanywa kati ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Wengi wao tangu zamani walifuga wanyama wafananao na kulungu, wakihamahama nao kutafuta malisho, kama Wasukuma walivyozoea kuwahamisha ng'ombe. Wasami nao walichunguzwa. Mwaka 1922 serikali ya Uswidi ilifungua chuo mjini Uppsala kwa ajili ya kupima mataifa ya watu. Mkuu wake, Herman Lundborg, akaenda kaskazini kupima vichwa vya Wasami na kuwapiga picha, ili aonyeshe kwamba wao ni duni. Na makaburi yao yalifukuliwa kama ya kwetu.

Jambo hili latugusa sisi Walutheri kwa namna ya pekee, maana Wasami wengi ni Walutheri, na wachungaji wa kanisa lao walikuwa miongoni mwa waliowasaidia wapimaji. Kutoka nchi hiyo hiyo ya Uswidi walikuja wamisionari waliofanya kazi Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, tangu miaka ya 1940. Hatusemi neno hili ili kuwaaibisha waliotutendea mema. Kanisa lao limesema lenyewe: tarehe 24 Novemba 2021, katika kanisa kuu la Uppsala, Askofu Mkuu Antje Jackelén aliwaomba Wasami radhi mbele ya watu wote. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2019, masalia ya watu 25 yalitolewa katika jumba la makumbusho yakazikwa tena Lycksele, katika udongo wao.

Basi, kosa lilikuwa nini hasa? Kuuliza si kosa. Mganga humwuliza mgonjwa, na mwalimu humwuliza mtoto. Twaona kosa lilikuwa katika amri mbili tulizojifunza tangu Katekisimo Ndogo. Amri ya saba yakataza wizi. Na aliyechukua fuvu kaburini alichukua kisicho chake, hata kama alikiandikia namba na kukiweka katika kabati safi. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Na mtu aandikaye habari za kabila zima, huyo ni shahidi kuliko wote, kwa kuwa ushahidi wake husomwa na watu ambao hawatamwona kamwe yule aliyeshuhudiwa.

Wengine watasema, "Ikiwa ni hivyo, tufunge mlango. Mgeni asijibiwe tena." Tumelipima neno hili, nasi hatulikubali. Mkifunga mlango, mengi yatakufa pamoja na wazee. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliliona jambo hilo mapema. Alizaliwa mwaka 1896, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili desturi za wazee wake zisisahauliwe. Hakupata wa kukipiga chapa. Hakukata tamaa, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikatolewa Dar es Salaam, baada ya miaka 35 ya kungoja. Mwaka uliofuata akafariki. Huko kaskazini naye Msami Johan Turi, mfugaji na mwindaji, aliandika habari za watu wake kwa lugha yao, kwa msaada wa mwanamke Mdenmarki, Emilie Demant. Kitabu kikatoka mwaka 1910. Hawa wawili hawakukataa maandiko. Walikataa tu kuandikwa na wengine peke yao.

Lakini tusijidanganye tukidhani kwamba mwenyeji hawezi kumkosea mwenyeji. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Waingereza, aliandika sheria za Wahaya, kitabu kikatoka mwaka 1945, na za Wasukuma, kitabu kikatoka mwaka 1953. Aliwauliza watemi na wazee, nao wakamjibu. Wajane je? Hao hawakuwa na kiti katika baraza. Jibu la wazee likawa kitabu, na kazi ya namna ile ikasaidia kutengeneza kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963. Desturi iliyokuwa ikizungumzwa na kulegezwa chini ya mti ikawa mstari katika karatasi, usioweza kulegea. Mwanamke mmoja Mhaya aliyerithi shamba la baba yake akaliuza, na mtu wa ukoo wake akashtaki kwamba mwanamke hana ruhusa hiyo. Ilikuwa mwaka 1990 ndipo Mahakama Kuu hapa Mwanza, kwa kinywa cha Jaji Mwalusanya, iliposema kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Hapo twaona jinsi jibu la asubuhi moja barazani liwezavyo kumfunga mtoto wa kike ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo hatuwezi kumpima mchunguzi kwa rangi yake wala kwa kabila lake. Tumpime kwa hili: je, yule anayemwuliza amemfanya kuwa shahidi, au amemfanya kuwa kitu? Shahidi ana jina, naye aweza kusema "hilo sitaki kulijibu." Shahidi husomewa maneno yake, asahihishe palipopotoka. Kitu hakisomewi. Tena mchunguzi mwaminifu hutafuta na yule asiyeitwa barazani, kwa maana taifa si wazee wake tu. Naye akirudi kwao hukumbuka kwamba amekopa. Na mkopo wa maneno hulipwa kwa ukweli, na kwa kuurudisha mahali ulipotoka, katika lugha ambayo mwenye maneno aielewa.

Nasi tunaojibu tuna wajibu wetu. Tusimwambie mgeni uongo wa kumfurahisha, wala tusiwasemee wajane na vijana mambo ambayo hatukuwauliza. Watoto wetu wengi sasa wanasoma katika vyuo vikuu, na kesho wao ndio watakaokwenda vijijini na madaftari. Tuwafundishe kabla hawajatoka nyumbani.

Yule mama wa mwaloni hakudai fedha wala zawadi. Alitaka kujua tu maneno yake yanakwenda kwa nani. Mtu asiyeweza kumjibu swali hilo, na asubiri kwanza kufungua daftari lake.