Chuma Kisichobeba Paa

Juzi kijana mmoja wa zoni yetu alinionyesha picha kwenye simu: vyuma vizito vya kujengea, vimepakwa rangi ya machungwa, vimesimama uwanjani kwa urefu wa zaidi ya mita 12. Havibebi paa. Ni sanamu iitwayo Mother Peace, yaani Mama Amani. Aliiunda Mark di Suvero mwaka 1969 na 1970, na sasa iko Storm King, bustani ya sanamu katika jimbo la New York, Marekani.

Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alicheka. "Ndugu yangu, vyuma vyote hivyo! Hapa vingesimamisha madarasa. Pale vina faida gani?"

Swali lake si la kijinga. Mtu ambaye mtoto wake anasomea chini ya turubai lililotoboka ana haki ya kuuliza. Hata mimi, ningepewa kuchagua, ningeanza na darasa.

Lakini hilo neno "faida" linanitia hofu kidogo. Ndilo tunalopimwa nalo sisi. Tumesikia mara ngapi: hawa wakimbizi wana faida gani? Tukikubali kwamba kisichobeba mzigo hakina thamani, tutamtetea vipi bibi kizee asiyeweza hata kufika kwenye foleni ya posho? Thamani yake haikutoka kwenye kazi, na haikwisha nguvu zilipokwisha.

Tena sanamu yenyewe imepitia mambo tunayoyajua. Di Suvero alizaliwa Shanghai, Uchina, mwaka 1933, kwa wazazi Waitalia. Familia ikahamia Marekani mwaka 1941. Mama Amani aliiunda wakati Marekani ikipigana Vietnam. Mwanzoni iliwekwa karibu na mahakama huko Oakland, California. Jaji mmoja akakerwa na alama ya amani iliyochorwa kwenye chuma kimojawapo, ikaondolewa. Kumbe kitu "kisicho na faida" kinaweza kumkera mkubwa!

Nilimweleza fundi haya yote. Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, lakini darasa kwanza."

Kwanza, ndiyo. Peke yake, hapana. Maana mlangoni kwake mwenyewe amechomelea waridi la mabaki ya chuma. Halizuii mwizi wala mvua. Nilipomuuliza kwa nini aliliweka, alinijibu tu, "Si nyumba ya watu hii?"