Asiyejua Kusoma na Neno la Kila Siku

Katika mahubiri yetu tumezoea kusema kwamba anayetaka kumkaribia Mungu asome Biblia kila siku. Ni shauri jema, nasi hatulifuti. Lakini hapa Nalasi lina swali lililojificha ndani yake. Katika sharika zetu wamo akina bibi na wazee ambao miaka ya shule iliwapita wakiwa shambani, na hata leo herufi hawazitambui. Ikiwa ukaribu na Mungu hupatikana kwa kusoma, je, Mungu yu karibu zaidi na mwalimu kuliko na bibi huyo? Hakuna kati yetu atakayethubutu kujibu ndiyo. Basi yatupasa kueleza vizuri zaidi tunachomaanisha.

Kwa karne nyingi waamini walio wengi hawakuwa na Biblia mkononi. Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534; Union Version ya Kiswahili, ambayo wengi wetu tunaitumia, ilitoka nzima mwaka 1952 tu. Watu waliishi kwa kusikia. Paulo katika Warumi 10 anaifungamanisha imani na kusikia. Na yule towashi wa Matendo 8 alikuwa akisoma kwa sauti garini, ndiyo maana Filipo alimsikia. Tena msomi huyo alihitaji mtu apande aketi naye.

Tunazijua nyumba ambamo mjukuu wa darasa la tano humsomea bibi yake mistari michache asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Mtoto anasoma kwa Kiswahili, kisha bibi anasema, "Hebu nieleze kwa Kiyao, mume wangu." Hapo ndipo kazi inapoanza, maana huwezi kulihamisha neno hadi lugha nyingine bila kulielewa. Mtoto anasita, anarudi kwenye mstari. Bibi naye anauliza: yule mwanamke wa Luka 15 aliwasha taa na kufagia nyumba nzima kwa shilingi moja tu? Siku nzima, akibangua korosho, anaendelea kulitafuna jambo lile. Zaburi 1 inamsifu mtu anayetafakari mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotumika pale lina maana pia ya kunong'ona, kusemasema kwa sauti ya chini. Bibi huyo analitimiza bila kulijua.

Biblia ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja lazima asome zaidi ya sura tatu kila siku. Wapo wanaoweza, nasi tunawapongeza. Wengi wetu tunaanza Januari kwa moto, tunakwama Mambo ya Walawi, na kitabu kinarudi kwenye kitenge chake hadi Jumapili. Kukwama si neno. Kibaya ni kuamini kwamba Mungu anatusubiri pale tulipoishia, ameshika daftari la mahudhurio. Hiyo ni sheria, wala si Injili.

Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Alimkumbusha kwamba kinyozi mwema huiweka akili yake kwenye wembe. Akipiga soga atamkata mtu pua, au hata koo. Alimshauri achukue amri moja na kuitazama kama fundisho, kama shukrani, kama toba, kisha kama sala. Kinyozi hakupewa sura tatu.

Hata hivyo tusimpe mvivu udhuru. Mana ya Kutoka 16 iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, na iliyowekwa akiba iliingia mabuu, isipokuwa ile ya Sabato. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, huamka alfajiri kuswali hata msimu wa kupulizia salfa mikorosho. Nasi tunasema hatuna muda wa mistari mitano! Muda upo. Pengine tunachokimbia ni kile ambacho Neno litatuambia: deni tusilolipa, ndugu tusiyesema naye tangu shamba lilipogawanywa. Mbele ya hilo msomi na asiyesoma wako sawa.

Wasiojua pa kuanzia tunawaelekeza kwenye Injili ya Marko: sura 16 tu, na habari zake fupi zinasimulika. Anayejua kusoma asome kwa sauti. Na mtoto akijikwaa kwenye jina la mji, msimkatize; bibi anataka kujua ilikuwaje kwa yule mwenye kupooza, wenzake walipokwisha kulitoboa paa la watu.