Anayeita Katika Tufani

Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, usiku ulipoingia, nchi yetu ilikuwa imetega sikio upande wa kusini. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetoka bahari kuu na kufika Mafia, na mvua na upepo wake viliwashukia watu wa Kilwa na wa pwani ya Lindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kuonya. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa, na wavuvi walikuwa wameambiwa wasiende baharini. Sisi tulio mbali tulibaki na kazi moja tu, kungoja na kusikiliza.

Hatukuona wingu wala wimbi. Huyu alipigiwa simu na dada yake, yule alifuata matangazo ya redio, na wale ambao kazi huwaweka karibu na simu ya upepo walisikia vituo vikiitana gizani. Kwa miito hiyo tuliweza kuifuata tufani kama mtu afuatavyo nyayo: huku mvua imezidi, huku maji yameingia nyumbani, na kulipokucha, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam imekatika pale Somanga. Na mahali pengine palikuwa kimya.

Ndipo linapotokea swali ambalo twaona linastahili nafasi katika ukurasa huu. Mtu asikiaye kilio cha mwenzake, naye hana mashua, hana fedha, wala hana njia ya kufika, anadaiwa nini? Wengi watajibu upesi kwamba anadaiwa sala, na akiisha kusali amemaliza. Sala ni deni kweli, wala hatusemi kinyume. Lakini twaogopa kwamba jibu hilo hutolewa upesi mno, na mara nyingi na mtu ambaye hata rozari yenyewe hajaitoa mfukoni.

Katika Aprili ya mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na Bagamoyo. Kilizamisha merikebu za Sultani na kubomoa sehemu kubwa ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 tu. Kwa hiyo habari ya maafa yale ilikwenda kwa meli, na Wakristu wa Ulaya walipoisikia, waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa yale waliyofanya usiku ule. Hata tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kilipouangukia mji wa Lindi, wengi katika Tanganyika walilala usingizi wao bila kujua, wala halikuwa kosa.

Walimu wa maadili hutufundisha kwamba wajibu hupimwa kwa mambo mawili, kujua na kuweza. Siku hizi kujua kwetu kumefika mbali sana, lakini kuweza kwetu kumebaki karibu pale pale. Mtu wa Bukoba aweza kusikia kilio cha Kilwa Kivinje saa ile ile kinapotoka, na bado asiweze kumwokoa hata kuku mmoja. Yeye si Msamaria, kwa maana hayuko njiani. Wala si yule kuhani aliyepita kando, kwa maana hakupewa nafasi ya kusimama. Ni mtu wa namna mpya, na dhamiri yake yahitaji mwongozo.

Mwongozo huo twauona kwa mabaharia. Tangu mwaka 1927 neno la kuomba msaada katika redio za vyombo ni “Mayday”, lililotokana na Kifaransa, maana yake nisaidieni. Hutamkwa mara tatu. Jambo la kwanza limpasalo kila asikiaye ni kunyamaza. Asitume salamu, asiulize bei ya mzigo, asitoe hata neno la pole, maana pole yake yaweza kuifunika sauti ya anayezama. Zamani walikuwa na desturi kubwa zaidi: katika kila saa walitengewa dakika tatu, mara mbili, ambazo wote walinyamaza na kusikiliza, hata kama hakuna aliyeita. Saa za ukutani katika vyumba vya redio zilipakwa rangi, nyekundu na kijani, kuonyesha dakika hizo. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1999 mitambo mipya ilipochukua kazi. Sisi tuliozoea kengele ya Malaika wa Bwana hatuoni ajabu kwamba watu wa kazi ngumu walikatiza shughuli zao kwa saa maalumu ili wasikilize.

Kwamba jambo hili si dogo lilionekana katika Aprili 1912. Mpiga redio wa meli Titanic alikuwa na rundo la salamu za abiria za kupeleka. Meli ya jirani, Californian, ilipomwambia kwamba imesimama kwa sababu ya barafu, aliijibu inyamaze, yuko kazini. Mpiga redio wa Californian, aliyekuwa peke yake katika kazi hiyo, baadaye alizima mashine akalala. Muda mfupi baadaye Titanic iligonga barafu na kuita, na jirani yule hakusikia. Walikufa watu wapatao 1,500. Hakuna kati ya wawili hao aliyekuwa mtu mbaya. Mmoja alikuwa na maneno mengi, na mwingine alikuwa amechoka.

Sasa tujitazame wenyewe. Tufani inapotokea, simu zetu hujaa. Huyu atuma picha ya mafuriko ya nchi nyingine na kusema ni Lindi. Huyu atangaza kifo ambacho hakukiona. Na wako hata wanaopiga namba ya dharura, 112, kwa mzaha. Wengi wetu hatufanyi hayo kwa uovu. Twataka tu kuwa wa kwanza kusema. Lakini mwenye mama yake Kilwa Masoko akiamini uongo ule, nani atamrudishia usiku wake? Baharia aliyesikia mwito, akaona hakuna aujibuye, hana ruhusa ya kunyamaza tena: yampasa kuupeleka mbele. Naye huupeleka kama alivyousikia, jina la chombo na mahali kilipo, akieleza wazi kwamba aliye hatarini si yeye, ni mwingine. Laiti nasi tungekuwa waangalifu hivyo! Mara nyingi tukipeleka habari ya msiba wa mtu twajiweka wenyewe katikati yake, tukahesabiwa huruma ambayo hatukuitoa.

Tukiri na jambo la aibu. Ilipotangazwa kwamba Hidaya imepungua nguvu, baadhi yetu, pamoja na kushukuru, tuliona kama hadithi imekatishwa kabla ya utamu wake. Hatukutaka mtu afe. Lakini tulikuwa tumekaa usiku kucha kama watazamaji, na mtazamaji hungoja jambo kubwa. Mwenye kuona hisia hiyo moyoni na aipeleke kwenye kiti cha maungamo bila kujitetea.

Kipofu wa Yeriko alipopaza sauti, watu walimkemea anyamaze. Bwana wetu, katikati ya kelele zile zote, alisimama na kuagiza aitwe. Hakumwuliza kwanza ni mtu wa namna gani. Pwani ya Kilwa wengi wa jirani zetu ni Waislamu, na anayeita katika tufani hataji dini yake. Twataja hili kwa sababu tumewahi kusikia Mkristu akiuliza, baada ya habari za maafa, kama “wetu” wamepona. Swali hilo lilitusikitisha sana.

Na yule asiyeita? Mafuriko ya Januari 2020 katika wilaya ya Kilwa na mkoa wa Lindi, yaliyoua watu na kubomoa nyumba, yalifika katika vijiji vilivyo mbali na barabara. Aliyepata pigo kubwa mara nyingi hana simu, au simu yake imelowa, au mnara umeanguka. Kwa hiyo afuataye tufani kwa miito tu hujua habari za wenye nafuu kuliko za wengine. Ampendaye jirani yake huhesabu pia waliokuwa wakiita juzi na leo hawaiti.

Jumapili iliyofuata, tarehe 5 Mei, ilikuwa ya sita ya Pasaka, na Injili iliyosomwa makanisani ilikuwa ile ya amri ya kupendana. Somanga magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili za maji. Mwenye bibi yake kijijini ng'ambo ile, simu ikimjibu kwamba haipatikani, ilimpasa kutafuta mtu wa kwenda kwa miguu.