Kanzu ya Yusufu

Wiki tatu zilizopita nilikaa kwenye kikao cha maslaha, yaani suluhu ya wazee, mtaani kwetu Mombasa. Binti wa jirani alikuwa amesema kabakwa. Chai haijapoa, mzee mmoja akauliza, "Na kama anamsingizia?" Mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyekwenda kituo cha polisi kuulizia fomu ya P3, ile ya uchunguzi wa daktari. Mimi nami nikamaliza chai yangu.

Uongo ni nini, sote twajua. Linaloniuma ni lile swali. Mzee yuyo huyo alipoibiwa pikipiki, mtaa mzima ulitoka mbio, na hakuna aliyemwuliza kama kaificha mwenyewe. Shaka ya kweli humwinua mtu akatafute. Shaka ya mzee ilituketisha.

Wataniambia madai ya kubakwa ni rahisi kutunga. Jaji Mwingereza Matthew Hale aliyaandika hayo karne ya 17, na mahakama zetu zikayarithi: neno la mwanamke peke yake halikutosha, mpaka Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipoamua kuwa huo ni ubaguzi. Ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo Njoki Ndung'u aliipigania bungeni, nayo ikapita ikiwa na kifungu cha 38: atakayetoa madai ya uongo apewe adhabu sawa na ya kosa alilolidai. Kilifutwa 2012. Kwa miaka sita, basi, msichana aliingia kituoni akijua kwamba akionekana mwongo, kifungo cha mbakaji chaweza kuwa chake. Rahisi? Ausimulie mwili wake kwa askari asiyemjua, apimwe, kisha arudi mtaa uleule anunue mkate dukani, watu wakimtazama. Mbona uongo wa bei nafuu umejaa tele, na hakuna anayeuitia kikao?

Naam, wako waliofungwa bila kosa, hilo silikani.

Lakini kila mara huletwa kisa cha Yusufu na mke wa Azizi aliyemsingizia, ambaye masimulizi humwita Zulekha. Nakipenda mno kisa hiki. Wanaokileta huisahau kanzu. Katika Qurani, shahidi wa upande wa mwanamke ndiye aliyetaka itazamwe: ikiwa imechanika mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanika nyuma, Yusufu ndiye mkweli. Wakaitazama. Katika Kitabu cha Mwanzo vazi linabaki mkononi mwa mwanamke na kumtia Yusufu hatiani. Na hata katika Qurani, kanzu ilikwisha kusema na bado Yusufu akaenda gerezani. Mke wa mkubwa alibaki nyumbani. Kijana aliyenunuliwa ndiye aliyefungwa.

Kwa hiyo sina hakika tena nani ni nani katika kisa kile kinapohamia barazani kwetu. Binti kapelekwa kwa shangazi yake Malindi. Mzee bado anakunywa kahawa pale pale, nami humpa salamu. Nguo za siku ile, mama mtu alizifua asubuhi yake, kabla hatujaitwa.